Mvua Kwenye Mengineyo

Kijiji cha Ruanda, Tanzania, Alhamisi 17 Julai 2014

Nilikasirika, kisha nikaona aibu, na sasa namvulia kofia Mama Tumaini, jirani yangu mwenye mdomo.

Kosa lilikuwa langu. Katibu wa kijiji ni mimi, na mabadiliko ya tabianchi niliyasukuma mwisho wa ajenda ya mkutano wetu wa leo na mbunge, kwenye mengineyo. Mbunge alikuwa ameshafunga daftari Mama Tumaini aliposimama na tawi la kahawa.

"Mheshimiwa, tazama. Maua na kahawa mbivu kwenye tawi moja, mwezi wa saba! Mvua imetuchanganyikia, na katibu wetu kaiweka kwenye mengineyo. Ninyi bungeni mmeiweka wapi?"

Watu walicheka. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Mbunge alisema atalifikisha jambo hilo bungeni. Mama hakuketi.

"Andika hapo kwamba ni dharura, halafu utusomee."

Akaandika, akasoma kwa sauti ndogo.

"Hatujasikia huku nyuma, Mheshimiwa."

Akarudia kwa sauti kubwa.

Naogopa akifika Dodoma atasahau. Lakini mimi, mwenye kalamu, sikuthubutu kuandika hata hilo neno moja, dharura.

Tulipotawanyika mama alinikabidhi tawi. "Katibu, liambatanishe na muhtasari."

Nimeliambatanisha.