Mwalimu Jean-Berchmans, uliyekataa kusema umelogwa

Mwaka mzima umetimia, Mwalimu Jean-Berchmans Ngendakumana, tangu ulipotutoka hapa Mulongwe, na bado mke wako Generose anakusogezea kiti mezani kabla hajakumbuka.

Ulifundisha biolojia miaka ishirini na sita. Ulikuwa mpole, ila mwanafunzi akikariri bila kuelewa, ulimrudisha ubaoni. Samaki ulimla na kichwa chake, ukaipanga mifupa ukingoni mwa sahani kana kwamba utaifundisha.

Kisha mkono wako wa kuume ukaanza kutetemeka. Chaki ikakushinda, hatua zikawa fupi. Daktari alisema ni ugonjwa wa Parkinson. Mtaani walisema ni Mama Spès, mjane wa baba yako na mama yako wa kambo, amekutilia kitu katika chakula. Mdogo wako Toussaint akayaamini maneno hayo. Alikwisha kumfungia virago, amrudishe kwao Katogota.

Ukatuita sote Jumapili baada ya misa. Binti yako Nicole akakuchorea seli ubaoni. Ukatueleza kwamba ndani ya seli mna protini ndogo ziitwazo Rab, zinazoongoza vifuko vya mizigo, kama wabebaji wa bandari ya Kalundu wanavyojua gunia gani liende boti gani. Zinawaka, zinafanya kazi, zinazimika. Kwa baadhi ya wagonjwa kama wewe mpango huo huharibika: takataka hazifiki pa kusagwa, zinarundikana, na seli za ubongo zinazoongoza mwendo zinakufa. Wataalamu wangali wanachunguza, ulisema.

Toussaint akauliza kwa nini basi wewe, si mwingine.

“Minye sijui,” ukamjibu. “Na kitu chenye sijui, siwezi kumubebesha mama.”

Ukamwomba Mama Spès alete chakula. Mbele yetu sote akakulisha bugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwa mkono wake, maana wako haukutulia. Alikuwa akilia. Uliimaliza sahani. Akaendelea kukulisha hivyo miaka mitatu, hadi kumeza kulipokushinda.

Tunaitamani sauti yako, hata ile ya mwisho, tuliyoinama ili tuisikie. Nicole anasoma biolojia sasa, mwaka wa pili. Somo likimtatiza hutafuta namba yako katika simu, kisha huirudisha mfukoni.

Mama Spès yuko chumbani kwake, hapa nyumbani. Toussaint ndiye humshika mkono kwenda misa. Wiki iliyopita, njiani, alimwomba msamaha hatimaye. Mama akamwambia alikwisha kumsamehe Jumapili ile ile. Kinachomuuma Mama ni kwamba wewe hukuwahi kuwaona wakitembea pamoja.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumamosi asubuhi, parokiani.

Tunaokukumbuka: mke wako Generose, binti yako Nicole, mdogo wako Toussaint, mama yako Spès, na wanafunzi wako wote.

Mwalimu, hatujazoea. Hatutakusahau kamwe.