Nani Atatoka kwa Nyumba

Jumanne, 7 Juni 2016
Nimefungua duka. Mvua ya asubuhi, baridi. Mkate umeletwa ukiwa bado moto. Mume wangu, Baba Shiku, aliupenda hivyo, aliumega kwa mkono na kuula amesimama, bila chai. Miaka minane sasa tangu vita vya baada ya uchaguzi. Nikishika mkate moto bado namwona mlangoni mwa duka letu la Cheptiret.

Achol, jirani yangu hapa kwa ploti ya nyumba za kupanga, amekuja kununua sukari, leso ameivuta hadi jichoni. Walitoka Sudan Kusini, yeye na mumewe Deng na watoto wawili. Hakutaka kuongea. Jana nilisikia ukuta ukigongwa. Nilijua si misumari.

Alhamisi, 9 Juni
Achol amenionyesha jicho. Limefunga kabisa. Nimemkanda kwa maji ya chumvi. Nikamwambia twende polisi. Akakataa.

"Mama Shiku, kwa kadi ya wakimbizi jina la Deng ndilo la kwanza. Nikimshtaki, mimi na watoto tutarudishwa. Kule nyumba ilichomwa."

Yangu pia ilichomwa, lakini mimi sikuwa na hofu ya kutolewa Kenya. Nikasema basi twende kwa mzee wa mtaa. Hapa kila kitu kinaanzia kwa mzee.

Ijumaa, 10 Juni
Mzee ametusikiza vizuri, akatupeleka kwa chifu. Chifu ameandika barua ya kumwita Deng wiki ijayo. Akampa Achol ampelekee. Ni kawaida, mwenye malalamiko ndiye hubeba barua. Hata mimi niliwahi kubeba moja, kwa jirani ambaye ng'ombe wake waliingia kwa mahindi yetu. Sikuona ubaya.

Jumamosi, 11 Juni
Deng ameisoma barua, ameirarua, kisha ameanza kupiga. Tumeingia wanawake wanne wa ploti, mmoja na mwiko wa ugali. Ametoka akitukana. Mkono wa Achol hauinuki. Watoto wako kwangu. Nina hasira sana.

Jumatatu, 13 Juni
Hospitali, halafu polisi. Kwa dawati la jinsia tumempata Madam Chebet. Alipofungua mdomo tu, nikarudi hatua moja nyuma. Lafudhi ya wale waliotufukuza Cheptiret. Bado inanifanya hivyo, sijui itaisha lini. Siku ile Baba Shiku alitangulia kupeleka vitu upande wa Timboroa. Hakufika, na hatukumwona tena. Madam Chebet hayo hayajui. Alimpa Achol kiti chake, yeye akasimama.

Aliposikia habari ya barua aliweka kalamu chini.

"Aipeleke yeye? Kwa mtu anayempiga?"

Nikasema ndivyo tunavyofanya.

"Najua, Mama. Hata kwetu ni hivyo."

Ametueleza. Kuna sheria ya mwaka jana ya kulinda watu dhidi ya fujo za nyumbani. Mkimbizi naye inamlinda. Hakuna anayerudishwa kwao kwa sababu amemshtaki mume. Korti inaweza kumwamuru Deng akae mbali, na karatasi ya amri atapelekewa na polisi.

Achol akauliza, sasa yeye na watoto waende kukaa wapi.

"Kwani nani amesema uende? Anayepiga ndiye atafute pa kulala."

Nimelifikiria neno hilo njia yote. Sisi tulipopigwa, tuliondoka sisi.

Alhamisi, 16 Juni
Kortini. Nimemshika Achol mkono ule mzima. Hakimu alimwuliza polepole, mkalimani akasaidia. Amri ya muda imetoka. Deng ahame, asikaribie ploti, asimguse. Kesi itasikizwa tena mwezi ujao. Ningefaa kufurahi. Naogopa. Karatasi haizuii ngumi.

Ijumaa, 17 Juni
Madam Chebet amekuja na polisi wawili. Deng alifunga nguo kwa begi. Alipofika mlangoni akaniangalia.

"Wewe mama wa duka, umeniharibia nyumba."

Nilitaka sana kujibu. Mtoto mdogo alilia akimwita baba yake, nami nikamhurumia Deng, kisha nikajikasirikia kwa kumhurumia.

Jumanne, 21 Juni
Hakuna jipya. Achol anaweka meza nyuma ya mlango hata mchana.

Jumapili, 26 Juni
Baada ya kanisa tulikaa nje, mimi na Achol, tukichambua njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu. Jua kidogo. Deng akatokea getini. Achol akaacha kuchambua. Mimi nikashika simu, tayari kumpigia Madam Chebet. Tulimsikia akimwambia mlinzi wa ploti anataka koti lake la baridi, basi. Achol aliingia ndani, akalitoa, akampa mlinzi alipitishe. Deng alilivaa palepale. Akalitazama dirisha la nyumba kwa muda. Halafu akashika barabara ya kuelekea mjini.

Hakuingia.

Achol alirudi akakaa, mikono juu ya sinia. Baadaye akasema kwao hawali njahi, zinafanana na vitu vya watoto kuchezea. Nikamwambia aonje kwanza ndipo atukane. Amecheka kidogo. Tumepika sufuria nzima, kwa jiko lake.