Kogo Kwenye Benchi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu asubuhi. Nimerudi kutoka shuleni, nimewasha moto, nimesoma historia kidogo. Mama bado yuko zahanati. Tangu awe daktari msimamizi hurudi giza likiingia, na hasemi mengi.

Leo ameziba mlango wa nyuma wa zahanati kwa kabati. Kila mtu hapa anaujua mlango huo. Ukiwa jamaa ya daktari, au umebeba maziwa, ulipita huko ukatoka na dawa. Wale wanaotembea kutoka kando ya msitu walikuta zimeisha. Sasa wote ni benchi la mbele. Nimejivunia. Sikumwambia.

Jumatano, 5 Machi

Jambo baya. Kogo, mama yake Mama, alikuja zahanati akikohoa, na kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa, mkononi. Kwetu anayekuletea mursik hasubirishwi. Unapokea kwa mikono miwili, unakunywa, ndipo mnaongea. Mama hakupokea. Alimwomba akae kwenye benchi kama wengine, mursik wangeinywa nyumbani jioni.

"Mimi nilikuzaa bila foleni," Kogo akasema, watu wote wakisikia. Akaondoka bila dawa. Kibuyu akakiacha.

Sasa kiko juu ya kabati letu la vyombo. Hakuna anayekigusa. Nafikiri Mama alikosea. Nafikiri pia alifanya sawa. Sina wa kumwambia yote mawili.

Jumamosi, 8 Machi

Leo ilikuwa zamu yetu. Akina mama wa mtaa huchumiana chai, shamba hadi shamba. Wiki iliyopita nilichuma kwa Mama Kiprono mpaka vidole vikawa vyeusi. Leo hawakuja. Nilingoja na vikapu, kisha nikaanza peke yangu. Niliwasikia wakicheka ng'ambo ya kijito.

Sikufika hata nusu. Majani yakikomaa karani wa kituo cha chai atayakataa.

Jumatatu, 10 Machi

Shuleni jina langu sasa ni Foleni. "Foleni, panga laini! Daktari anakuja!" Hiyo ni kwenye bomba la maji. Faith, tunayekaa naye dawati moja, alicheka pia. Nilikunywa maji mwisho.

Saa ya chakula nilikaa maktaba. Nilisoma ukurasa mmoja tu, tena na tena.

Jumanne, 11 Machi

Nimepita kwa Kogo. Nilisikia kikohozi kabla sijafika mlangoni. Nikamwomba aende zahanati.

"Mama yako amekutuma?"

"Hapana, Kogo."

"Basi kaa unywe chai."

Anapumua kama mtu aliyepanda kilima na gunia. Nilimweleza juu ya watu wa kando ya msitu, kwamba wiki hii wamefika wakakuta dawa zipo. Kwangu hiyo ilikuwa hotuba. Alichochea moto.

Nilipomwambia Mama, alivaa gambuti na kuchukua mkoba wake wa kazi. Alirudi upesi, akiwa na matope hadi magotini. Kogo hakumfungulia. Alisema kutoka ndani kwamba nyumba yake haina benchi la daktari.

Mama amelia jikoni. Nilisimama mlangoni, sikuingia. Naogopa Kogo atakufa kwa sababu ya benchi. Namchukia Mama kidogo.

Alhamisi, 13 Machi

Walimu walikuwa na mkutano, tukaachiliwa mapema. Nikapitia zahanati.

Kogo alikuwa kwenye benchi. Mwisho kabisa, leso kichwani, fimbo kati ya magoti. Mama Kiprono akainuka. "Kogo, pita mbele, tafadhali."

"Kaa chini, wewe. Nani amekuambia mimi ni mgeni hapa?"

Wakacheka, na yeye akakohoa kwa muda mrefu. Nikakaa kando yake. Tukasogea, mtu mmoja mmoja. Zamu yake ilipofika, alimtazama mwanamke aliyekuja nyuma yetu, kutoka msituni, mtoto akihema mgongoni. Kogo akamwonyesha mlango wa chumba cha Mama kwa fimbo. Mwanamke akasita. Fimbo ikarudia, naye akaingia.

Kisha Kogo mwenyewe. Mama alipomwona alishika ukingo wa meza. Hawakusalimiana. Alimsikiliza kifua, mbele na nyuma, akarudia. Nimonia. Dawa zilikuwepo.

Sijui kilichomleta, kikohozi au maneno yangu. Sikuuliza.

Jumamosi, 15 Machi

Nimechuma peke yangu tena. Mama Kiprono alinipungia mkono kutoka ng'ambo, basi. Karani amekataa majani mengi. Yamekomaa.

Jioni Kogo amekuja, polepole, akipumzika kila kona. Ameangalia juu ya kabati, akanyoosha mkono. Nimemshushia kibuyu. Amekitikisa, akamimina, akampa Mama kwanza. Mama amepokea kwa mikono miwili.

Mursik imekuwa kali sana. Tumeinywa yote. Nje mvua inanyesha kwenye safu ambazo sijachuma.