Plasta Kwenye Kidole Gumba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kama unaisoma barua hii umesimama, tafuta kiti kwanza. Natumai mgongo umekuachia, na shemeji amepona kile kikohozi chake kinachomjia akiona jembe tu. Wasalimie wanao wote, hasa yule anayechora ukutani. Mwambie mimi mjomba wake sijamsahau. Mimi nipo, napumua, nakula, na mwili hauna neno. Mengine utayakuta humu ndani.

Usishangae barua kuja vipande vipande. Nimeiandika kwa penseli nyuma ya picha zilizoharibika, ndiyo maana kila ukigeuza utakutana na watu usiowajua, akiwemo bibi harusi aliyefumba macho kama anayekula ndimu. Nimevitia namba, vifuate. Mwandiko wa juu ya bahasha si wangu. Ni wa mama mmoja mkunga, na ndiye aliyeituma kwa basi ili ikufikie haraka.

Haraka yenyewe ni hii, dada, na naitaja mwanzoni ili hata ukichoka kusoma uwe umeipata: Fundi, mdogo wetu, asije huku. Asipande basi mwisho wa mwezi. Kama begi limefungwa, lifungue. Akinuna, mwache anune, atakula tu jioni.

Barua yako ya mwisho ilinifikia ikiwa imefunguliwa, kama zote. Mjomba alinisomea mwenyewe kupitia kidirisha, akicheka. Alicheka zaidi pale uliposema Fundi amefungua redio na kuifunga tena, ikaimba vizuri kuliko mwanzo, ila skrubu moja imebaki mkononi na hataki kukiri. Nami nilicheka. Kisha Mjomba akasema kijana kama huyo ndiye anayemtaka, kwa sababu mikono yake haitulii. Nikaacha kucheka.

Mjomba unamfahamu. Ni yule mwana wa kwetu aliyekuja na gari kwenye msiba wa baba, akapiga picha bure na kukataa hata chai, ninyi mkamsifu mwezi mzima. Si mjomba wa mtu yeyote, lakini kila mtu anamwita hivyo, na kumkatalia ni sawa na kumtukana mzee wako. Alipokuambia anatafuta kijana wa kufundisha kazi ya picha katika mji wa bahari, ulinisukuma mgongoni kwa furaha. Sikulaumu hata kidogo. Nilikuwa nimeshaziona picha za Kobe, mtoto wa seremala, zilizotundikwa kwao: Kobe bandarini, Kobe chini ya mnara wa taa, Kobe na kofia. Nilizionea wivu mpaka nikakosa usingizi.

Nilipofika, Kobe alikuwa amesimama katika mlango wa chumba cha giza, kile cha kusafishia picha. Nilidhani ataruka kwa furaha kuona mtu wa nyumbani. Hakusema karibu. Aliniambia pole. Nikadhani ni pole ya safari, maana kidole gumba changu cha kushoto kilikuwa kimebanwa na mlango wa basi na kinavuja damu. Alikiosha, akakifunga plasta mwenyewe.

Kesho yake Mjomba akaniambia twende nikauone mji. Dada, hiyo siku siwezi kuisema vibaya hata kama ningetaka. Alibeba kamera ya mkanda shingoni, mimi nikabeba mfuko wa nguo zake. Tulikwenda bandarini ambako winchi zinainua makontena kama mtu anayepanga viberiti. Tulipanda ngazi za mnara wa taa. Tulipita soko la samaki ambapo sakafu inateleza na wauzaji wanataniana bila kupumzika, tukavuka kwa kivuko na kurudi bila kushuka, tukatembea juu ya ukuta wa bahari mpaka kwenye bustani ya hoteli, na bawabu akampigia Mjomba saluti. Kila mahali alinibadilisha shati au kofia, akanisimamisha, akapiga. Nilimwuliza kwa nini nguo zote hizo. Akasema picha nzuri inataka nguo tofauti. Saa kumi hivi alinivika kamera shingoni, akanionyesha pa kutazamia na pa kubonyezea, akaniacha nipige mwenyewe. Nilipiga bahari. Ndizo zile ulizoziweka karibu na kitanda chako, ukaniandikia kwamba bahari ya huku imelala upande. Ni mimi niliyekuwa nimelala upande, dada, kwa furaha.

Jioni tuliporudi, mlango wa chumba cha giza ulifungwa nyuma yangu kwa nje. Mjomba alinieleza kwa upole kwamba mwanga ukiingia unaharibu mikanda ya watu, kwa hiyo ni lazima. Akatania kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kitambulisho changu akakitunza katika kabati la chuma kisipotee. Tangu hapo ni miaka miwili na ushee, na kamba bado ipo.

Usidhani napigwa. Hajanipiga hata kofi, na ananiita mwanangu. Chakula kinapita kwenye kidirisha, picha zinapita kwenye kidirisha, na choo kipo humu ndani. Nalala kwenye godoro katika ujia, kati ya chumba cha giza na chumba cha kukaushia. Mikono yangu inanuka dawa hata ugali unanuka dawa. Kati yangu na kaunta kuna milango miwili, na redio haizimwi mchana kutwa. Mwanzoni nilipiga kelele. Mjomba aliongeza sauti ya redio, na jioni alikuja kuniuliza kwa huzuni kama ninataka polisi wamkute kijana asiye na karatasi. Kisha akaniuliza nyumbani nitawaambia nini, wakati tayari mmeshazipokea picha za kwanza na mmefurahi. Polisi sikuwaogopa sana. Hilo la pili ndilo lililonifunga mdomo.

Mji nimeendelea kuutembea, lakini kwa macho ya wengine. Watu wanaleta mikanda yao na mimi ndiye ninayeisafisha. Kwenye negativu kila kitu kiko kinyume: mbingu nyeusi, meno meusi, bahari nyeupe kama maziwa. Nimehudhuria harusi nyingi kuliko mpiga ngoma. Najua duka gani limebadilisha rangi, na bawabu wa hoteli ameota kitambi. Ukinitoa leo nitakupeleka bandarini bila kuuliza njia, na sijaikanyaga tangu siku ile moja.

Ndiyo, dada. Siku ile moja. Ulinisifu kwamba sibadiliki hata kidogo, eti hewa ya bahari imenihifadhi. Sasa toa picha zote ukutani, zile za mwaka wa kwanza na zile za juzi, zile za shati la mistari, za shati jeupe, za kofia. Zipange kitandani, utazame mkono wangu wa kushoto. Utaiona plasta ya Kobe kwenye kidole gumba, katika kila picha inayoonyesha mkono. Mkanda ule wa siku moja ndio nimekuwa nikiusafisha picha moja moja na kukutumia kila baada ya muda, na barua ya furaha juu yake. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Hivyo nilivyokutumia niliviunda mimi mwenyewe, usiku na mchana, kwa taa nyekundu.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Kobe aliondoka wiki ile ile niliyofika. Nilimwona akipewa kitambulisho chake na nauli, akatoka bila kugeuka. Baadaye Mjomba aliniambia utaratibu wake, tena kwa fahari: yeye hamzuii mtu milele. Ukileta wa kukubadili, unakwenda zako. Kobe alinileta mimi kwa picha zake. Sasa unajua kwa nini, tangu arudi, anazunguka njia ya kisimani asipite mbele ya nyumba yako, na ninyi mnasema amerudi na maringo. Si maringo, dada. Haya imemjaa mpaka shingoni.

Na mimi, miezi mitatu iliyopita, nilikuandikia kwamba Fundi aje, kazi ni nyepesi na mji ni mzuri. Ulifikiri Mjomba ndiye aliyetaka. Mjomba alitaka, ni kweli, lakini hakunishika mkono. Niliandika mwenyewe, nikachagua maneno, nikatafuta picha nzuri kuliko zote, ile ya mnara wa taa, kwa sababu najua Fundi anapenda mashine na atataka kuiona taa inavyozunguka. Nilimtega mdogo wangu kwa kitu anachokipenda. Nilijiambia yeye ni mjanja, atajua la kufanya. Nilijiambia nikitoka nitakuja kumchukua. Kobe naye najua alijiambia hivyo hivyo.

Kilichonirudisha akili ni skrubu. Uliposema hataki kukiri kwamba imebaki, niliuona uso wake kabisa, anavyoficha mkono nyuma na kutazama dari. Nikamwona humu ndani, mikono ile haina cha kufungua. Nililia, dada, na sioni aibu kukuambia.

Yule mkunga huleta mikanda ya watoto wachanga aliowazalisha. Uso wake siujui, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kamera, lakini kivuli chake huangukia shuka: mwanamke mnene mwenye kilemba. Nilichukua picha ya mtoto mmoja, nikaandika nyuma yake kwamba nimefungiwa nyuma ya duka hili, na asiulize kaunta. Nikaipitisha pamoja na zake. Siku zile sikula vizuri. Alipoleta mkanda mwingine, nilipoutoa kwenye dawa niliona, katikati ya watoto, picha ya karatasi yenye maandishi makubwa. Alikuwa ameandika jibu lake, akalipiga picha, akamletea Mjomba alipokee kwa mkono wake mwenyewe. Liliniambia niandike nyumbani na kuvipitisha vipande katikati ya picha zake, yeye atavitia bahasha yenye anuani yake na kutuma, na kila Jumamosi mchana atakuwepo dukani. Picha iliyofuata ilikuwa ya uchochoro na ukuta, na juu ya ukuta dirisha dogo lililopakwa rangi nyeusi. Alikuwa amezunguka nyuma kunitafuta. Nilitazama muda mrefu kabla ya kuelewa kwamba naliona dirisha langu kwa nje.

Picha hiyo nimeiweka humu, namba ya mwisho. Usiitundike ukutani, njoo nayo. Nenda kwanza kwa Kobe, usimtukane, maana ukimtukana yeye itabidi unitukane na mimi. Mwambie nimesema kidole kilipona vizuri, na sasa, awe ananidai au namdai, aje na wewe. Njooni Jumamosi mchana, duka likiwa limejaa watu wa picha za paspoti. Mkunga ameandika anuani yake chini ya bahasha, naye atakuwepo. Uliza kaunta mbele ya watu wote. Watakuambia nimesafiri kikazi. Mama yake Kobe aliwahi kuja, wakamwambia hivyo, akashukuru na kurudi, na Kobe alikuwa humu anasafisha picha.

Kama Mjomba akiijua barua hii kabla hujafika, sijui atanipeleka wapi. Fundi asipokuja, mimi sitoki kwa utaratibu wa Mjomba. Hilo nimelipima, na nimeandika hivyo hivyo. Naogopa, sitakudanganya tena. Lakini mdogo wetu abaki na skrubu yake.

Mpe Fundi salamu, mwambie taa ya mnara inazungushwa na mota ya kawaida tu, hakuna cha ajabu. Shemeji mwambie nimemkumbuka pamoja na kikohozi chake. Na wewe, dada, nikuombe jambo la mwisho. Unakumbuka ulivyokuwa ukiniita jioni ukiwa barabarani, mpaka watoto wenzangu wakaniiga sauti yako, nami kwa haya nikajifanya sisikii mpaka uite mara tatu? Wakikuambia kaunta kwamba sipo, usishukuru, na usiulize kwa adabu. Zunguka nyuma, ufuate picha, usimame chini ya dirisha jeusi, uniite kwa sauti ile ile.

Safari hii nitaitika mara ya kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
yule wa kuitwa mara tatu.