Chuma Juu ya Chungu cha Makande

Mbaga, Same
Jumapili, 16 Juni 2024

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Naapa kukueleza yote leo, hata yanayoniaibisha. Mimi ni mzima na masomo yanaendelea vizuri. Kama wewe u mzima sijui, maana simu yako haipatikani tangu Pasaka. Barua hii ataileta Rashidi, mchuuzi wa samaki, anayerudi huko kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu kesho.

Bibi Eliakunda amelazwa. Unakikumbuka kile chuma kizito, kikubwa kama ngumi, ulichomletea Januari kutoka kwenye biashara yako ya vyuma chakavu? Alikifanya uzito wa kukandamiza kifuniko cha chungu cha makande. Alikisifu kwamba kinatulia kilipowekwa, si kama marehemu babu. Akikoroga, alikipakata mapajani. Machi paja likawa jekundu, likachubuka kama limeungua, na moto haujamgusa. Akaanza kutapika, nywele zikabaki kwenye kitana. Majirani walinong'ona kwamba karogwa. Mimi nilikishuku chuma. Halafu, unisamehe, nikakushuku wewe. Ulipopiga simu mara ya mwisho uliuliza kama chuma bado kipo kabla ya kuuliza hali ya Bibi, na nilipotaka kujua sababu ukakata.

Mwezi uliopita Mwalimu Clemence wa fizikia alituchorea alama ya hatari ya mionzi: mapanga matatu kama ya pangaboi, juu ya rangi ya njano. Alisema mionzi haina harufu wala haionekani, lakini huharibu mwili ndani kwa ndani. Alama hiyo ilikuwa kwenye kile chuma, na mimi ndiye niliyeikwangua kwa jivu na mchanga ili king'ae, Bibi afurahi.

Nilimweleza Mwalimu. Wataalamu walikuja na kipimo, nacho kilipokaribia jikoni kililia mfululizo. Walikiondoa chuma katika sanduku nene. Udongo na maji ya ndiva, bwawa letu dogo la kumwagilia mashamba, ni salama, kwa sababu chuma hakikupasuka. Daktari anasema Bibi atapona, ila kidonda kitachelewa kufunga.

Sasa ungamo langu, Baba. Walipouliza kilikotoka, niliogopa utafungwa, nikasema nilikiokota korongoni. Leo ni siku ya nne wanapekua korongo, kwa kuwa kasha la vyuma hivyo huwa na matundu mawili, kila tundu na chuma chake. Jana Rashidi, bila kujua lolote, alinisimulia kwamba umeyeyusha kasha zito la madini ya risasi, unawauzia wavuvi vipande vya kuzamishia nyavu. Akaongeza kwamba mkono wako wa kulia umeufunga kitambaa.

Uende hospitali, Baba. Usiogope kusema. Jumanne Rashidi atarudi huku, na Jumatano, ujibu usijibu, nitawaambia wataalamu ukweli. Natamani uwe umewaambia wewe kwanza.

Bibi anakusalimu sana, anakuulizia kila asubuhi. Tafadhali nijibu kwa mkono wa Rashidi, hata mstari mmoja tu: chuma cha pili kiko wapi?

Mwanao akupendaye,
Elinaza