Msalaba Unaowaka na Ule Usiowaka

Nekesa ametoka kuzilaza darubini sasa hivi. Amezifunika na shali yangu, ile niliyombebea akiwa mchanga, akazipigapiga mgongo mpaka akaridhika, halafu akaniwekea kidole mdomoni ninyamaze. "Huyu usimwamshe," akanionya. "Ndiyo amelala." Kisha naye akajilaza kando yao, na usingizi ukamchukua.

Ni Jumatano, saa nane kasorobo mchana. Baridi ya Julai, nguo za juzi bado mbichi kwa kamba. Naandika hii kwa simu.

Na zile si darubini.

Mnaonisoma hapa mnajua nauza mitumba ya vitu vya nyumba: vikombe, mikoba, taa, chochote gunia likileta. Wiki mbili zilizopita gunia lilikuja na vitu vya kamera, na ndani yake bomba mbili nyeusi zenye vioo. Ukichungulia unaona mistari miwili myembamba imekatana kama msalaba. Moja ina kifundo pembeni, ukikizungusha katikati ya msalaba panawaka nyekundu. Inatumia betri ya duara kama ya saa ya mkono. Ile nyingine haina taa, msalaba wake ni mweusi tu wakati wote.

Nilidhani ni za kuangalia ndege na milima. Msalaba nilidhani ni wa kusaidia jicho lisipotee.

Na kwa kuwa hazikununuliwa haraka, nikazipatia kazi. Ploti yetu, jengo la vyumba vya kupanga hapa Kware, maji hufunguliwa mara mbili kwa wiki, mfereji uko chini kwa geti, na sisi tuko gorofa ya tano. Ukishuka na mitungi bila kujua, unapata laini ya watu imeshafika barabarani. Basi nikawa nasimama koridoni na darubini, naangalia kama caretaker, mtunzaji wa jengo, amefungua. Nekesa naye akataka. Nikamfundisha mimi mwenyewe: mweke mtu katikati ya msalaba, utaona amebeba nini. Nikamwonyesha pia asigandishe jicho kwa kioo, maana picha inakuja vizuri ukiacha nafasi kama ya vidole vinne. Sikujiuliza kwa nini.

Ukawa mchezo wake. Jioni anamngoja baba yake akitoka kibarua Industrial Area. Anamshika na msalaba kuanzia pale kwa kibanda cha mboga mpaka getini, hamwachi. "Nimempata baba," anasema.

Nami nampigia makofi.

Asubuhi ya leo Baba Shiru alikuwa anapanda ngazi akitoka zamu ya usiku. Ni jirani yetu wa mlango wa pili, askari wa kulinda godown la mizigo, mtu wa utani. Mimi huniita meneja. Akamkuta Nekesa koridoni amelenga laini ya maji. Mtoto akamwambia kwa furaha, "Nimemweka Mama Shiru kwa msalaba." Mama Shiru ni mke wake. Alikuwa chini na mitungi yake miwili, anacheka na wenzake.

Baba Shiru alimwondolea ile kitu mikononi polepole, kama mtu anatoa kisu kwa mtoto bila kumshtua. Akaichungulia. Akakaa juu ya mtungi.

"Mama Nekesa," akasema, "hii hukaa juu ya bunduki. Huu msalaba ni pale risasi inaenda."

Nilicheka. Kusema kweli nilicheka, nikingoja naye acheke. Hakucheka. Akanieleza kwamba kabla ya kuja Nairobi alilinda ranchi huko Laikipia, na alikuwa ameziona hizi kwa bunduki za watu waliokamatwa wakiua wanyama. Ile nafasi ya vidole vinne, akasema, ni kwa sababu bunduki ikifyatuka hurudi nyuma, na jicho likiwa karibu linapasuliwa.

Tumeweka ploti nzima kwenye ule msalaba. Mama wa chapati. Pasta wetu. Mama Shiru na tumbo lake la miezi saba.

Baba yake Nekesa, kila jioni.

Lakini hiyo siyo yote, na hii inayofuata niliificha asubuhi nzima, hata Baba Shiru nilimwambia nusu tu.

Nina mteja. Aliona picha nilizoweka mtandaoni, akaniuliza kwa adabu ipi ni bora, inayowaka ama isiyowaka. Sikujua, kwa hivyo nikajaribu, maana sipendi kudanganya mteja. Jioni mbili mfululizo nilisimama koridoni nikilenga tangi jeusi la maji juu ya ploti iliyo ng'ambo. Giza likianza kuingia, mistari myeusi ilimezwa na lile tangi, nikawa siioni. Ile ya taa nikaiwasha kidogo, nikaona msalaba na tangi pamoja. Nikaiwasha sana, wekundu ukajaa jicho, tangi likapotea. Mchana zote zilikuwa sawa tu.

Nikamwandikia yote hayo. Nikamwambia isiyowaka haina cha kuharibika na haidai betri, lakini kama kazi yake ni ya jioni, achukue inayowaka na aizungushe kidogo tu. Akajibu kwamba naeleza kuliko watu wa duka. Mimi niliyeishia darasa la saba. Nilisoma hiyo meseji mara tatu.

Akasema basi atachukua inayowaka, kwa sababu swara hutoka jioni. Mimi nikawaza watalii. Nikamjibu: "Utamwona vizuri hata akisimama kichakani."

Asubuhi, Baba Shiru alipoingia kwake kulala kidogo, nilizifungua tena hizo meseji. Ni maneno yaleyale, lakini sasa yalikuwa yananitazama. Kuwinda na bunduki nchi hii kumekatazwa tangu nizaliwe. Nimemfundisha mtu kuua gizani, na nikaweka na kiuso cha kucheka.

Yule mteja alikuwa aje leo saa tisa. Nikamwandikia kwamba haiuzwi tena. Hakuuliza sababu. Akajibu tu, "Basi nipe ile haiwaki. Hiyo haina maneno."

Hapa ndipo naona aibu. Nilifikiria. Nilikaa kitandani kama robo saa nikifikiria kumpa. Nilikuwa nimeshaiona cherehani nitakayonunua kwa hizo pesa, imewekwa hapa chini ya dirisha, nikishona sare za watoto wa ploti. Nikajiambia ile nyeusi ni kioo tu, haina taa, haina ubaya, atasumbuka nayo jioni mpaka aache. Nikaishika, nikachungulia tangi. Mchana huu msalaba unaonekana safi kabisa. Swara naye hutembea mchana. Kwake yeye taa ni kitu gani?

Nikamwandikia: hata hiyo hapana.

Akajibu yuko njiani.

Nilimgongea Baba Shiru nikamwamsha, na huruma ikanishika kwa kumkatizia usingizi. Nikamwambia ile nusu iliyobaki, na meseji zote nikamwonyesha. Amesema tutapeleka zote mbili kwa ofisi ya chifu leo, pamoja na simu yangu. Naogopa. Naogopa waniulize nilizitoa wapi, nikose jibu linalotosha, na Nekesa abaki na nani. Amesema atavaa sare na atasimama na mimi mpaka mwisho. Kwa mara ya kwanza leo akaniita meneja.

Baba Nekesa nitamwambia akitoka kibarua. Sijui nitaanzia wapi kumweleza alivyokuwa akifika nyumbani ndani ya ule msalaba.

Ninachoomba ni kitu kimoja, mtoto asikumbuke. Ninyi mlio wazazi, mnafanyaje? Nataka kuzitoa chini ya shali kabla hajaamka, na akiniuliza watoto wake wameenda wapi, nitamwambia kwamba

Baba Shiru yuko mlangoni, amevaa sare. Anasema kuna mtu ameingia getini anauliza gorofa ya Mama Nekesa, nibebe mtoto na shali na vyote vilivyomo, tushuke na ngazi za nyuma sasa hivi, nisisimame hata ku