Yule Kijana wa Redio Uliyekuwa Ukimwombea

Mpendwa Dani,

Nakuandikia nikiwa dukani kwangu hapa Homa Bay, katikati ya sare za shule ambazo hakuna anayezinunua mpaka wiki ya kufungua. Nimecheka peke yangu hadi jirani anayeuza viatu akachungulia kuona kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa kabisa, namfikiria Dani wangu, nyanya yangu tu. Sikumwambia kwamba nina jambo la kukuungamia. Sasa naliweka wazi mbele ya kila mtu, maana wewe hata siri zako ulizisema kwa sauti ya sokoni.

Unaikumbuka ile redio ya Baba kule Uriri? Aliinunua ili asikilize habari na matangazo ya vifo, basi. Mimi na kaka yangu Ouma tukaigeuza kuwa ya Waingereza. Kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu jioni kulikuwa na kipindi cha nyimbo za kwao, wale vijana wa vinanda vya umeme na ngoma zilizogonga bila kuchoka. Nilijua nani amepanda wiki hii na nani ameshuka. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nikiamini kwa moyo wote kwamba mwanamume wa maana ni yule ambaye nywele zake zinafunika jicho moja.

Shida ilikuwa Sabato, maana sisi Wasabato tuliitunza Jumamosi mpaka jua lizame. Jua la kwetu halikuwa na haraka ya kuzama, na redio haikuguswa kabla ya hapo. Hata mawe ya redio, yaani betri zake, yalituletea vita. Yalipoisha nguvu yalitakiwa kuanikwa juani mchana kutwa ili yapate uhai kidogo, na Baba alishikilia kwamba kuanika ni kazi.

"Lakini Baba, si jua ndio inafanya kazi?" Ouma akabisha. "Mawe imelala tu hapo."

"Basi na wewe lala hapo kando yake," Baba akamjibu.

Na jua likizama, ulikuwepo wewe. Tulifunga Sabato kwa wimbo, fungu la Biblia na sala, na sala ya mwisho ilikuwa yako. Ulianzia Uriri, ukaenda boma kwa boma hadi Ndhiwa kwa ndugu zako, ukimtaja kila mgonjwa, kila mjamzito, na ng'ombe aliyekataa ndama wake. Mimi nilifumba macho nikihesabu nyimbo zinazonipita. Siku moja nilisema "Amina" kwa nguvu ukiwa bado hujatoka Ndhiwa, nawe ukaendelea tu kana kwamba nimekuitikia.

"Nyieka, una haraka ya kwenda wapi?" uliniuliza baadaye. Uliniita hivyo siku zote, mke mwenzako, na mimi nilijivunia kwamba tumeolewa na mzee mmoja, babu yangu, ambaye hata sikumkuta hai.

Kisha ikaja ile Sabato ya picha. Ouma alikuwa amepata kwenye gazeti la mwenzake shuleni picha ya mwimbaji tuliyempenda kuliko wote. Nikaificha ndani ya kitabu changu cha nyimbo za kanisa. Nilisahau kwamba Baba, pamoja na uzee wake wa kanisa, alikuwa hodari wa kusahau chake nyumbani. Akaazima changu. Alipokifungua mbele ya watu wote, kijana wa Kiingereza akaanguka sakafuni, uso juu, midomo myekundu, macho yamezungushiwa wanja, hereni kwenye sikio moja.

"Huyu msichana ni wa kwa nani?" mama mmoja wa kwaya akauliza.

Baba akatutangulia hadi nyumbani. Hapo akatangaza kwamba jua likizama tu, redio inakwenda kuuzwa kwa mwenye duka aliyeitaka siku nyingi. Angeitoa saa ileile, lakini hauzi kitu siku ya Sabato, kwa hiyo redio ikabaki mezani chini ya kitambaa chake ikingojea jioni. Nikaenda kulia nyuma ya jikoni. Bila ile redio, wiki yangu haikuwa na siku ya kungojea.

Ulinikuta pale. Ukaiomba picha, ukaishika mbali na macho, ukaitazama sana.

"Nani alimpaka mtoto hivi? Hana mama?"

"Anaye, Dani."

"Na huwa anasema nini, kila Jumamosi namsikia analia hivyo?"

Dhambi yangu iko hapa. Nilikuwa nimeukariri ule wimbo wote. Alikuwa akimbembeleza msichana wacheze dansi moja zaidi. Nikakutazama machoni, siku ya Sabato, nikasema, "Anasema amepotea, anataka kurudi kwa mama yake."

"Nilijua," ukasema, ukanirudishia picha.

Jioni Baba alikuwa ameshaitia redio kikapuni. Tukaimba, tukasoma, zamu yako ikafika. Kwa mara ya kwanza maishani nilitaka uombe mpaka kuche. Ukamaliza Uriri, ukamaliza Ndhiwa, kisha badala ya kufunga ukavuta pumzi, ukavuka bahari.

"Nyasaye, Mungu wetu, kuna mtoto huko Uingereza analia ndani ya redio ya mwanangu. Wamempaka rangi mpaka watu wake hawamtambui. Huko hakuna anayemwombea, ndiyo maana umeileta sauti yake hapa kwetu. Sasa sisi ndio watu wake. Nakuahidi hatutamnyamazisha mpaka umfikishe kwa mama yake."

Nikafungua jicho moja. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakitetemeka, na mpaka leo sijui kama alikuwa akilia au akicheka. Angefanya nini? Mama yake mzazi alikuwa ameshamwahidi Mungu. Akaitoa redio kikapuni.

"Washeni," akasema. "Tumsikie huyo mtu wa mama anaendeleaje."

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi, baada ya Ndhiwa ilifuata Uingereza. Jinsi nilivyofurahi, Dani! Lakini miaka ikapita, nyimbo zile zikazeeka, nikaolewa huku Homa Bay, nawe ukaendelea kumwombea. Nilipokuja kukuona umelala, siku zako za mwisho, uliniuliza, "Yule kijana alifika?" Nikasema, "Bado, Dani." Nilitaka kukwambia ukweli, nikaona haya. Hakuwa amepotea. Alitaka tu kucheza dansi. Nisamehe.

Ila sikia kilichotokea asubuhi hii. Mwanangu, ambaye hunicheka kwa kupenda nyimbo za wazee, alinisukumia simu yake, video ikicheza. "Mathe, si huyu ndiye yule msee wako?" Sikumtambua. Kipara kitupu, miwani, sweta imetoboka kiwiko. Mtangazaji alikuwa akimuuliza aliachaje muziki. Akajibu kwamba alizunguka dunia nzima akiwa na jina kubwa, huku ndani yake akiwa amepotea na hakuna aliyejua. Kisha akageuka kumwelekea bibi kizee aliyekaa nyuma yake akimenya viazi, akasema siku moja alifunga mizigo yake, akarudi katika nyumba aliyozaliwa.

Nimeirudia video hiyo mara tatu, nikihofia kwamba Kiingereza changu kinanichezea. Hakinichezei. Mimi nilidhani nakudanganya, kumbe wewe ulimsikia vizuri kuliko sisi tuliojua maneno.

Lala salama, Dani. Amefika kwa mama yake.

Ni mimi,
Nyieka wako